Herufi 9, Nambari 6, Sekunde 30: Mwongozo Kamili wa Kujinoa kwa Shindano la Maneno na Hesabu

Herufi zilizokuwa ubaoni ni F, A, T, H, I, L, I, K, U. Nikaandika fathili, nikapiga mstari chini yake, nikangoja saa iishe. Mpinzani wangu, mwalimu mstaafu ambaye ukumbi mzima ulimwita Mwalimu tu, alikuwa bado ameinamia karatasi yake. Nikatangaza herufi saba. Yeye akatangaza nane. Mwamuzi akafungua kamusi: fadhili ipo, kwa dh, fathili haimo. Kisha Mwalimu akasoma neno lake polepole: hitilafu. Lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote na sikuliona.

Hiyo ilikuwa Jumamosi mchana, shindano la maneno na hesabu katika ukumbi wa mtaa huku Eastlands, Nairobi, bila kamera hata moja. Ila ndiyo siku niliyoanza kujinoa kwa mpango. Ninachokuandikia hapa ni kile ambacho ningetaka kuambiwa kabla ya siku ile, uwe unalenga kuketi mbele ya kamera za runinga au unataka tu kuanzisha kikundi mtaani kwenu. Nimeuandika kwa mchezo unaochezwa kwa Kiswahili, kwa sababu naamini lugha hii imeumbwa kwa mchezo huu kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 1: Ujue mchezo kabla ya kuufanyia mazoezi

Mchezo wenyewe asili yake ni Ufaransa. Armand Jammot alianzisha kipindi cha maneno mwaka 1965, Le Mot le plus long, na mwaka 1972 kikawa kipindi cha maneno na nambari pamoja, Des chiffres et des lettres. Waingereza wakauchukua: Countdown kilirushwa mara ya kwanza tarehe 2 Novemba 1982, na ndicho kipindi kilichofungua kituo cha Channel 4 siku hiyo. Australia nao wakawa na chao, Letters and Numbers, kuanzia mwaka 2010.

Nitafuata sheria za Countdown kwa kuwa ndizo zilizo rahisi kuiga. Kuna raundi 15: kumi za herufi, nne za nambari, na fumbo moja la kufungia. Kila raundi ya herufi na ya nambari ina sekunde 30.

Katika herufi, mshindani huomba vokali au konsonanti moja moja mpaka zitimie tisa, bila kuona kadi inayofuata. Neno refu zaidi ndilo linalopata alama, alama moja kwa kila herufi. Neno la herufi zote tisa huhesabiwa mara mbili, yaani 18. Mwenye neno fupi hapati kitu. Mkilingana mnapata wote. Ukitangaza neno lisilokubalika, umejinyima mwenyewe.

Katika nambari kuna vibao 24. Vinne ni vikubwa: 25, 50, 75 na 100. Vilivyobaki 20 ni vidogo, 1 hadi 10, kila kimoja mara mbili. Unachagua sita, kisha mashine inatoa lengo la tarakimu tatu. Unajumlisha, unatoa, unazidisha, unagawanya; kila nambari mara moja tu, na hakuna sehemu, kama nusu au robo, inayoruhusiwa njiani. Ukifika penyewe ni alama 10. Ukiwa umepungua au kuzidi kwa 1 hadi 5, ni 7. Kwa 6 hadi 10, ni 5. Na kama ilivyo kwenye herufi, aliye karibu zaidi na lengo ndiye anayepata.

Fumbo la mwisho ni neno la herufi tisa lililovurugwa. Wa kwanza kubonyeza kengele na kujibu sawasawa anapata 10. Ukikosea, umefungiwa nje na mwenzako ana sekunde zote zilizobaki.

Hatua ya 2: Tengeneza kadi zako

Usinunue seti ya Scrabble ya Kiingereza ukadhani itafaa. Ina Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, na A zake hazitoshi. Chukua karatasi za manila, kata vipande vya ukubwa wa kadi ya karata, andika kwa kalamu ya wino mzito.

Hesabu tuliyoifikia baada ya kuvuruga na kupanga upya mara nyingi ni hii. Vokali 50: A 18, I 11, U 9, E 6, O 6. Konsonanti 65: K na N saba saba, M sita, L, T na W tano tano, S na H nne nne, B na R tatu tatu, Y, J, P, D, G na Z mbili mbili, F na V moja moja, na CH mbili. CH ni kadi moja na hupewa alama moja, kwa sababu C peke yake haisimami katika Kiswahili. SH, TH, DH, GH na NY acha watu waziunge wenyewe kutoka kwa kadi za kawaida.

Weka sharti la vokali nne au tano katika kila raundi. Neno la Kiswahili halitembei bila vokali, na anayeomba konsonanti sita kwa kiburi huishia na neno la herufi tano.

Hatua ya 3: Kubalianeni neno ni nini

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Kwa Kiingereza swali hili ni dogo. Kwa Kiswahili ni kubwa, maana kitenzi kimoja kinaweza kubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli kwa pamoja. Ukiruhusu anapika, mimi nitaleta ninapika, na mwingine ataleta wanapikia, na mchezo utakuwa wa kubandika viambishi badala ya kujua maneno.

Sheria yetu ni hii. Chagueni kamusi moja na iwe mwisho wa ubishi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, ina faida moja kubwa: chini ya kitenzi huorodhesha kauli zake. Ukifungua pika utakuta pikia, pikika, pikisha, pikwa. Basi kilichoorodheshwa kinakubalika. Kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha ukanusho, na ku- ya kitenzi-jina, vyote vinakataliwa. Wingi wa nomino unaruhusiwa: viti, mikutano, makabati. Majina ya watu na ya mahali hapana.

Sheng je? Nairobi tunaipenda, na kibandaski (kibanda cha chakula) ni neno tamu, ila kama halimo kwenye kamusi mliyoichagua, halimo. Mkitaka raundi ya Sheng, fanyeni baada ya mechi.

Kamusi si lazima iwe mpya. Zunguka kwa wauza vitabu vya inama katikati ya jiji. Wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara hukosi kuwapata na nakala. Ukitaka kusoma kwa utulivu, Maktaba ya McMillan pale Wabera Street imekuwa ikipokea wasomaji tangu 1931, na meza zake za mbao zinatosha watu wanne na kadi zao, mradi msipige kelele.

Hatua ya 4: Zoeza macho kuona mzizi kwanza

Mwanzo nilikuwa nikizivuruga herufi kichwani ovyo, nikingoja neno lijitokeze. Mwalimu ndiye aliyeniambia, tukinywa chai baada ya ile mechi: "Mwanangu, usitafute neno. Tafuta mzizi, kisha uuvishe."

Chukua herufi hizi: M, K, U, T, A, N, O, A, I. Unaona kuta. Usisimame hapo, maana kuta ni kitenzi. Kiongezee -na: kutana, ila K U T A N A inakula A zote mbili, herufi sita. Sasa kigeuze kiwe nomino kwa kumalizia na -o: mkutano, saba. Wingi wake: mikutano, nane. Na ukibadilisha kiambishi cha mbele, makutano, pia nane. Umetoka nne hadi nane bila kubahatisha hata mara moja, umepanda ngazi. (Herufi zilezile za makutano hutoa matukano, jambo ambalo kila mwenye kikundi atalikumbuka.)

Ngazi nyingine ya kuijua kwa moyo ni ya shinda: herufi sita. Shindana, nane. Shindano, nane. Shindania, tisa, yaani alama 18. Fanya daftari la ngazi kama hizi, vitenzi vitano kila jioni, ukivipandisha kwa kauli zake na nomino zake. Baada ya mwezi mmoja utakuwa na ngazi 150, na utaanza kuziona ubaoni kabla hujazitafuta.

Kisha jifunze kuunga herufi mbili mbili. Ukiwa na N, tazama mara moja kama kuna D, G, J, Y au Z ya kushikana nayo. Ukiwa na M, tazama B, V na W. H itafutie S, T, D au G. Ukishaziunga, herufi tisa zinakuwa kama vipande sita, na vipande sita akili inavibeba.

Ngazi za mizizi ni za maneno ya Kibantu hasa. Maneno yaliyotoka Kiarabu na kwingineko yana sura yake na ndiyo yanayotuangusha: maktaba, daftari, shughuli, dhamana, hitilafu. Mengi hayana mzizi wa Kibantu wa kuuvisha, hivyo ni vigumu kuyajenga. Ni lazima uwe unayajua tayari. Yaandike katika kurasa zao peke yake. Ukiona H, F au K imekaa kama yatima na njia ya mzizi imegoma, fungua mlango huo wa pili.

Na tahajia, tafadhali. Sisi wa Nairobi tumezoea kusikia dh na th zikitamkwa kama kitu kimoja, r ikiwa l, na h ikidondoka kabisa katikati ya asubuhi. Mazungumzo hayaumizwi na hilo. Mwamuzi wa kamusi hasamehe. Tengeneza orodha ya maneno unayoyatamka kivyako na uyasome kwa sauti kama yalivyoandikwa: fadhili, thamani, dhamana, tafadhali, thelathini.

Kanuni ya saa ni fupi: ifikapo sekunde ya 15 uwe tayari umeandika neno ambalo una hakika nalo, hata kama ni la herufi nne. Kuanzia hapo unatafuta bora zaidi. Ifikapo ya 27, kalamu chini, hesabu herufi zako kwa kidole. Nimeona watu wakitangaza saba wakiwa na sita.

Hatua ya 5: Hesabu, barabarani

Kifaa bora cha mazoezi ya nambari jijini humu ni foleni ya magari. Sahani za usajili za Kenya zina tarakimu tatu katikati ya herufi, na lengo la mchezo ni tarakimu tatu. Kabla ya kutoka nyumbani, vuta vibao sita na uviandike kwenye kipande cha karatasi. Ukiwa ndani ya matatu, 237 ya Thika au 58 ya Buruburu, na gari limesimama, soma tarakimu za gari lililo mbele, washa saa ya simu, anza.

Juzi nilikuwa na 75, 50, 2, 3, 8, 9. Mbele yangu pikapu ya mboga, 437. Hamsini mara tisa ni 450. Nimezidi kwa 13. Nane na tatu na mbili ni 13. Kwisha: 50 × 9 − 8 − 3 − 2 = 437. Hakuna uchawi; nilikimbilia kizidisho kilicho karibu cha nambari kubwa, kisha nikalipa deni kwa nambari ndogo. Raundi nyingi zinaisha hivyo.

Zile zisizoisha hivyo ndizo zinazotenganisha washindani. Sema una 100, 25, 7, 6, 4, 1 na lengo ni 683. Mkono unakwenda wenyewe kwa 7 × 100 = 700. Toa 25, rudisha 6 na 4, umefika 685. Toa 1, ni 684. Umebakiza moja tu, alama 7 zimo mfukoni: iandike. Sasa, badala ya kung'ang'ania njia ileile, liulize lengo lenyewe: 684 iko karibu nalo, je, inagawanyika? Kwa 6, ndiyo, ni 114. Je, 114 inapatikana? 100 + 25 ni 125, toa 7, toa 4, ni 114. Mara 6, ni 684, na ile 1 bado haijatumika. Toa 1: 683. Alama kumi.

Kwa hivyo mazoezi ni ya aina mbili. La kwanza, jua kwa moyo jedwali la 25 na la 75: 75, 150, 225, 300, 375, 450, 525, 600, 675, 750, 825, 900, 975. La pili, zoea kugawanya lengo na majirani zake, moja juu na moja chini, kwa 6, 7, 8 na 9. Ukijumlisha tarakimu ukapata 9 au 18, inagawanyika kwa 9. 6 inataka nambari shufwa ambayo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 3.

Kuhusu kuchagua vibao: anayeanza achukue kimoja au viwili vikubwa. Vikubwa vinne ni silaha ya mtu aliye nyuma na anayetaka kuleta vurugu. Kuna raundi ya Countdown ambayo watu bado wanaitazama, ya 100, 75, 50, 25, 6 na 3, lengo 952. Mshindani alichukua 100 + 6, akazidisha kwa 3, kisha kwa 75, akafika 23,850. Akatoa 50, akagawanya kwa 25, na ikawa 952 kamili. Ifanye kwenye karatasi polepole uone ilivyokaa.

Jambo moja ambalo halizungumzwi: hesabu tulifundishwa shuleni kwa Kiingereza, na wengi wetu tunahesabu kichwani kwa lugha hiyo. Kwenye meza utatakiwa kueleza njia yako kwa Kiswahili, mbele ya watu, bila kusita. Nimemwona kijana hodari akisema "mia sita" akimaanisha "sitini" na kupoteza raundi aliyokuwa ameishinda. Zoezi lake ni kusema kwa sauti: hamsini mara tisa, mia nne hamsini, toa nane, mia nne arubaini na mbili. Abiria wa kando watakutazama. Endelea.

Hatua ya 6: Fumbo

Jaribu hili: DUNIATAMU. Macho yataona dunia tamu na kukwama hapo, na ndivyo mtunzi alivyokusudia. Dawa yake ni kuziandika upya kwa duara, vokali ndani na konsonanti nje, ili maneno ya uongo yavunjike. Ndani una U, U, A, A, I. Nje una D, N, T, M. Vokali tano kwa konsonanti nne, na hakuna W wala Y ya kushikana nazo: huenda neno limeanza kwa vokali na kupishana mpaka mwisho. Nomino ndefu nyingi zinazoanza kwa vokali ni za u-. U-ta-… utamaduni.

Mengine ya herufi tisa ya kujitungia mafumbo: mwandishi, ulimwengu, maendeleo, mafanikio, matumaini, hospitali. Mtungiane ninyi kwa ninyi. Anayetunga fumbo hujifunza zaidi ya anayelifumbua. Na kabla ya kubonyeza kengele, uwe umekwisha kulitamka neno zima kimoyomoyo.

Hatua ya 7: Usaili na siku ya studio

Ukisikia kituo kinatafuta washindani, tuma maombi mapema na ujieleze kwa sentensi tatu nne. Watayarishaji hutaka mtu anayeweza kuongea, kwa hivyo pamoja na alama zako waambie unafanya kazi gani na umeipendaje lugha.

Vipindi vya aina hii hurekodiwa kadhaa kwa siku moja. Kwenye Countdown, mshindi hubaki kitini kwa mchezo unaofuata, mpaka ashindwe au afikishe ushindi wa mara nane. Beba mashati matatu au blauzi tatu, maana mtazamaji ataona kila kipindi siku tofauti. Acha nguo za mistari myembamba. Kamera huzifanya zichezecheze. Kijani uliza kwanza, kwa sababu studio nyingine hutumia ukuta wa rangi hiyo.

Usitegemee kufika kwa dakika zilizoandikwa kwenye ramani ya simu. Mvua ikinyesha Nairobi, safari ya nusu saa ni ya saa mbili. Fika ukiwa na saa moja ya ziada, na kitambulisho mfukoni, la sivyo askari wa langoni atakuweka nje. Kunywa chai, lakini usile mlo mzito wa mchana kabla ya raundi ya kwanza.

Mezani, taa ni kali na saa inaonekana kubwa kuliko ya nyumbani. Raundi ya kwanza chukua neno la uhakika, hata kama ni fupi kuliko unaloliwazia. Alama za kwanza hutuliza mkono. Kuanzia raundi ya tatu tazama pengo. Ukiwa mbele kwa zaidi ya 10 kabla ya fumbo, mpinzani hawezi kukufikia, basi ukiwa na pengo hilo katika raundi za mwisho usibahatishe neno lenye shaka. Ukiwa nyuma kwa 20 na zimebaki raundi tatu, bahatisha: omba vikubwa vinne, tangaza lile neno uliloliona mara moja tu kwenye kamusi.

Mpinzani wako mwite kwa heshima anayostahili, Mzee, Mama, Mwalimu, na mpe mkono kabla na baada. Mara nyingi ndiye atakayekuonyesha neno ulilolikosa.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, andika kwenye daftari kila neno ulilolikosa na kila lengo lililokushinda, ukiwa bado unauona ubao. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una mistari miwili tu: fadhili, kwa dh. Hitilafu, nane.